Risala ya watunza kumbukumbu wa wilaya kwa mgeni rasmi, kilele cha Wiki ya Utumishi wa Umma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, Katibu Tawala wa Wilaya, Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, waheshimiwa madiwani, wakuu wa idara na vitengo, wawakilishi wa wakala za Serikali zilizopo wilayani kwetu, wastaafu wetu mliokuja kutuunga mkono, watumishi wenzetu wote, itifaki imezingatiwa. Wazee wetu, shikamooni.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha salama tarehe 23 Juni, Siku ya Utumishi wa Umma barani Afrika. Tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali mwaliko wa watu wa masjala, ofisi inayosajili barua na kutunza majalada. Tunajua una majukumu mengi, na tunajua pia kwamba idara nyingine zilikuomba siku hii ya leo. Umechagua kuja kwetu. Heshima hiyo tumeipokea kwa mikono miwili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia yetu ni fupi. Kikundi chetu kilianzishwa na watunza kumbukumbu wachache wa masjala ya wazi na masjala ya siri ya Halmashauri, baadaye wakajiunga wenzetu wa hospitali, wa idara ya maji na wa ofisi za wakala. Lengo ni kusaidiana kitaaluma, na kushikana mkono katika misiba na sherehe.

Mafanikio ni makubwa. Kila barua inayoingia sasa inasajiliwa na kuwekwa kwenye jalada lake siku hiyohiyo. Majalada ya muda, yale yanayofunguliwa kwa sababu jalada halisi halionekani, yamepungua sana. Tumeendesha mafunzo ya ndani kuhusu kuweka namba za folio, yaani namba ya kila waraka ndani ya jalada, na kujaza kadi ya mwendo wa jalada, na makatibu mahsusi wawili walihudhuria kwa hiari yao. Tuna mfuko wa kuweka na kukopa, na fulana hizi unazoziona tumezinunua wenyewe. Pia lilipofanyika zoezi la kuhakiki vyeti, ambalo mwaka 2017 liliibua watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi nchi nzima, ni sisi wa masjala za wilaya na mikoa tuliokesha tukichambua majalada ili vyeti vipelekwe kuhakikiwa. Waliopongezwa walikuwa wengine. Hatulalamiki, tunataka tu ijulikane.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto tunazo kadhaa: upungufu wa watumishi, skana moja kwa ofisi zote, na ile tabia ya kumpeleka masjala mtumishi aliyeshindikana kwingine kana kwamba masjala ni adhabu. Hayo tumeyaandika kwenye barua uliyokabidhiwa mlangoni. Hapa tunaomba utusikilize kwa jambo moja tu: chumba cha kumbukumbu tuli.

Kumbukumbu tuli ni yale majalada ambayo hayatumiki kila siku lakini bado yanahitajika. Jalada la mwalimu aliyehamia wilaya nyingine. La muuguzi aliyestaafu. La kiwanja ambacho mwenyewe amefariki na watoto bado hawajagawana. Majalada hayo yako nyuma ya jengo la utawala, katika chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya mbolea. Bati limetoboka upande wa mashariki. Rafu hazitoshi, kwa hiyo majalada mengi yako ndani ya viroba, na viroba viko sakafuni. Mchwa wameingia kupitia ukuta wa kaskazini. Tumemwaga dawa kwa fedha za mfuko wetu. Walihama kona wakarudi.

Masika iliyopita alifika mwalimu mstaafu kufuatilia mafao yake. Alikuwa ametimiza miaka 60 na barua ya kustaafu anayo mkononi, ila alitakiwa kuleta barua ya ajira ya kwanza na ya kuthibitishwa kazini. Nakala zake ziliungua na nyumba. Alitutegemea sisi, na alikuwa na haki ya kututegemea. Jalada lake tulilipata kwenye kiroba cha tatu kutoka mlangoni. Jina linasomeka vizuri juu ya jalada. Ndani, folio ya 1 hadi ya 9 zilikuwa zimeloana na kukauka mara nyingi hadi zikashikana kama chapati zilizopangwa zingali moto. Pini ya chuma ilikuwa imeshaliwa na kutu, na kutu ilikuwa imekula karatasi. Tulijaribu kuzibandua kwa wembe. Barua ya ajira ilitoka vipande, tarehe ikabaki upande wa pili. Mama wa watu alikaa kwenye benchi letu akavikusanya vile vipande, akaviweka kwenye bahasha, akauliza kama vitakubalika. Hakuna aliyeweza kumjibu. Hadi leo anafuatilia.

Watakaomfuata ni wengi. Walioajiriwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndio wanaostaafu sasa. Wakati wanaajiriwa, kumbukumbu zao hapa wilayani ziliwekwa kwenye karatasi. Mifuko ya pensheni waliyochangia ilikuwa kadhaa, ikaja kuunganishwa mwaka 2018 kuwa PSSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma. Penye utata wa tarehe au cheo, shahidi wa mtumishi ni jalada lake.

Mheshimiwa, tumewahi kujibiwa kwamba tusubiri, Ofisi Mtandao, mfumo wa Serikali wa kushughulikia barua na majalada kwa kompyuta, imekuja na makaratasi yatakwisha. Sisi tunaipenda Ofisi Mtandao na tunaitumia. Lakini mfumo huo unapokea barua ya leo. Barua ya mwaka 1991 haiwezi kuingia humo mpaka kwanza iwe inasomeka.

Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002 imempa mkuu wa kila taasisi ya umma jukumu la kuhakikisha kumbukumbu zinatengenezwa na kutunzwa. Haikusema mtunza kumbukumbu peke yake. Tena nchi yetu si ngeni katika kazi hii: kumbukumbu za utawala wa Mjerumani zinazotunzwa na Nyaraka za Taifa ziliingizwa mwaka 1997 kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Karatasi za mkoloni zimevuka miaka mia moja zikiwa salama, na tunajivunia. Tunaumia kwamba barua ya ajira ya mwalimu aliyetufundisha kusoma haikuvuka hata miaka arobaini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima zote, ombi hili si geni. Sisi kazi yetu ni kutunza, kwa hiyo na ahadi tulizopewa tumezitunza kwenye jalada lake. Folio ya 4 ni muhtasari wa sherehe kama hii, ambapo mgeni rasmi wa wakati huo aliahidi mabati "kabla ya mvua". Folio ya 11 ni vipimo vya mhandisi aliyetumwa na mgeni rasmi aliyefuata. Alipima chumba chote, akala nasi chakula cha mchana, na hatukumwona tena. Folio ya 16 ni barua yetu ya kukumbushia. Folio ya 17 ni ya kukumbushia ile ya kukumbushia. Folio ya 20 ni jibu kwamba suala letu "linafanyiwa kazi". Viongozi hao wote tunawaheshimu, na walikohamia tunawaombea heri. Ila mvua zimenyesha kila mwaka.

Tunachoomba ni hiki. Bati libadilishwe na dari liwekwe kabla ya vuli. Ukuta wa kaskazini utibiwe mchwa na mtaalamu. Ziletwe rafu za chuma zitakazoinua majalada yote kutoka sakafuni. Na waitwe wataalamu wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa watusaidie kuchambua yapi yahifadhiwe, yapi yapelekwe Kituo cha Kumbukumbu Dodoma na yapi yateketezwe kwa kibali, maana sisi hatuna mamlaka ya kuchoma hata karatasi moja, na hatutaki kuwa nayo. Nguvu kazi ya kubeba na kupanga tutaitoa wenyewe, hata Jumamosi na Jumapili.

Tunaomba pia, Mheshimiwa, kwamba utakalolisema leo uliweke kwa maandishi, lenye tarehe na jina la atakayelitekeleza. Folio ya 21 iko wazi.

Kabla ya chakula, tunakuomba dakika kumi utembee nasi hadi kwenye chumba hicho. Ufunguo anao mwenyekiti wetu hapa mbele, na mwalimu tuliyemtaja yupo ukumbini, amekubali kuongozana nasi.

Tunaomba kuwasilisha.