Wanawake hawajajificha, huduma ndiyo iliyo mbali

Ndugu Mhariri,

Kila inapofika kampeni ya saratani ya mlango wa kizazi, wanawake huhimizwa "wajitokeze" kupimwa, kana kwamba wamejificha mahali. Naomba nafasi nieleze kwa nini neno hilo linanikera.

Kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 tangu virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa ngono na ndivyo chanzo cha saratani hii, vinapoanza kudumu mwilini hadi seli zigeuke saratani, muda unaotosha kabisa kuyagundua mabadiliko ya awali na kuyaondoa. Hata hivyo, mwaka 2022 wanawake wapatao 350,000 duniani walifariki kwa ugonjwa huu.

Anayetakiwa kupimwa ni mwanamke wa miaka 30 na kuendelea, au 25 ikiwa anaishi na VVU, na kwa kawaida hana maumivu yoyote. Huyu mzima wa afya tunamtaka aache kazi, apange foleni, apande kitandani mbele ya mhudumu asiyemjua, kisha arudi baada ya wiki kadhaa kufuata majibu, na yakiwa mabaya arudi mara ya tatu kutibiwa. Wengi hupotelea kati ya safari hizo, nasi tunasema hawana mwamko.

Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha vinasaba vya HPV kiwe cha kwanza, na sampuli yake mwanamke anaweza kuichukua mwenyewe kwa kijiti maalumu, hata nyumbani. Wanaotilia shaka usahihi wake wajue kuwa, maabara ikitumia njia ya PCR, inayozidisha vinasaba vya virusi ili vitambulike, majibu hukaribiana sana na ya sampuli iliyochukuliwa na mtaalamu. Pasipo na maabara, kipimo cha siki (ndiyo, siki iliyozimuliwa, inayopakwa kwenye mlango wa kizazi ili sehemu zenye mabadiliko zigeuke nyeupe) hutoa majibu kwa dakika chache, na mabadiliko mengi ya awali huweza kutibiwa siku hiyohiyo kwa kugandishwa au kwa joto.

Shirika hilo linataka ifikapo 2030 asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo bora kabla ya miaka 35, na tena kabla ya 45. Mara mbili tu! Basi vijiti hivyo vigawiwe katika kliniki za uzazi wa mpango na za VVU, ambako wanawake tayari wanakwenda, na bajeti ya vipimo isipitishwe bila ya vifaa vya tiba.

Msomaji wako