Barua kwa Mama Neema wa Ukerewe

Kirumba, Mwanza
14 Oktoba 2025

Mpendwa Mama Neema,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako ilinifikia Jumamosi kwa mkono wa abiria wa meli ya Nansio, nami nimeisoma mara mbili, hasa pale unaposema kwamba Neema alikuuliza kwa nini tunawaombea marehemu, nawe ukamwambia akamwulize katekista, mwalimu wake wa dini. Usione aibu, dada yangu, maana jibu hilo mimi mwenyewe nimelitoa kwa miaka mingi. Kilichonigutusha ni ubatizo wa mtoto wa mdogo wangu mwaka huu: padre, kabla ya kumwaga maji, aliwageukia baba na mama akawauliza kama wanautambua wajibu wa kumlea mtoto huyo katika imani. Katekista alikuwa amesimama pale pale, wala hakuulizwa neno.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, ulikwisha kulisema jambo hilo mwaka 1964, ulipoiita familia Kanisa la nyumbani na kuwataka wazazi wawe wahubiri wa kwanza wa imani kwa watoto wao, kwa neno na kwa mfano. Nawafikiria pia wamisionari waliofungua misheni ya Bukumbi mwaka 1883, ambao Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, aliwaagiza wawaandae wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, kwa miaka minne kabla ya kuwabatiza. Ilhali sisi tunaona saa moja ya mafundisho kwa juma inatosha, kisha tunashangaa mtoto akishapokea sakramenti ya Kipaimara haonekani tena kanisani.

Nyumbani kwangu nilianza vibaya. Oktoba ya mwaka juzi niliamuru Rozari nzima kila usiku baada ya chakula, na kufikia tendo la tatu kati ya matano, watoto wawili walikuwa wamelala mkekani, huku Deo akizivuta punje mbili mbili ili tumalize upesi. Baba Deo ndiye aliyenishauri tusali tendo moja tu, tena kabla ya kula, wakati ugali ungali jikoni na hakuna mwenye usingizi. Tangu hapo kila mtoto hutaja nia yake, yaani jambo analotaka tuliombee, na nia zao zinanifundisha mambo ya shule na ya mtaani ambayo nisingeambiwa kwa kuuliza.

Jumapili jioni tunaisoma tena Injili ya siku hiyo. Zamani kidogo tulisoma ile ya Luka, Petro na wenzake wamekesha bila kupata kitu, na Deo akakatiza kwa uhakika kabisa: "Mama, bila shaka ilikuwa mbalamwezi." Wewe unajua wavuvi wetu wa dagaa wanavyopumzika mwezi ukiwa mpevu kwa kuwa taa zao hazivuti kitu, mtoto wa Kirumba analijua hilo kabla ya kujua kusoma. Nilicheka, nikamwambia kwamba Injili haisemi lolote juu ya mwezi, lakini tutazame jambo moja: Petro alikuwa amechoka, nyavu zimekwisha kuoshwa, na bado alizishusha kwa sababu Yesu alisema. Akanyamaza kwa muda mrefu. Katika somo lote lile, naamini alichokishika ni hizo nyavu zilizokwisha kuoshwa.

Kuhusu swali la Neema, mjibu mwenyewe, kwa maneno machache. Mwambie kwamba waliokufa katika urafiki na Mungu lakini bado wanahitaji kutakaswa, sala zetu zinawasaidia, na kwamba kifo hakitukatazi kuendelea kuwapenda. Tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu Wote, inakaribia. Mchukue mkafagie kaburi la babu yake, mwashe mshumaa, msali pamoja "Raha ya milele". Akiuliza jambo usilolijua, kiri kwamba hulijui, kisha mwende wote wawili kwa katekista. Kumtuma peke yake ndiko nisikokupenda.

Jumuiya yetu, familia jirani tunaosali pamoja, itasali hapa kwangu Jumamosi ya kwanza ya Novemba. Njooni kwa meli ya asubuhi, mlale kwetu, maana Deo ameanza kudai kwamba wavuvi wa Ukerewe huvua hata kwenye mbalamwezi, na anamtaka Neema athibitishe.

Ni mimi dada yako,
Mama Deo