BLEDI YA MENO 24 NDANI YA PAKITI YA MENO 80

Kwa Meneja,

Salamu. Masharti ya kurudisha bidhaa mmeyabandika wenyewe ukutani juu ya kaunta, kwa hivyo sitayaeleza. Nilinunua kwenu bledi ya msumeno, nikaja kuirudisha siku ya pili, risiti mkononi. Kijana wenu akanijibu, "Mama, msumeno ni wa wanaume. Wewe nenda ukakate sukuma wiki." Watu wakacheka.

Mimi ni fundi seremala, karakana yangu iko hapa Kibuye, na kazi hii nimeifanya miaka 16. Niliomba bledi ya inchi 10 yenye meno 80, ya kukatia bodi za melamini, zile zenye ngozi laini ya juu. Pakiti imeandikwa 80. Mwanagenzi wangu akaiamini pakiti, akaifunga kwenye mashine nikiwa Milimani kupima jikoni ya mteja. Niliporudi, bodi tatu zilikuwa zimekwisha kuharibika. Bledi ya meno 24 ni ya kupasua mbao kufuata nyuzi: meno machache, mapengo mapana ya kutupa unga haraka. Kwenye melamini inang'oa ngozi ya juu. Kingo zilibanduka kama magamba ya samaki, futi 8 nzima, kila bodi.

Na siku ya kununua nilimwomba kijana wenu afungue pakiti nione. Akakataa, eti ikifunguliwa nimeshainunua.

Narudia yaliyotokea kwenye kaunta kwa sababu hayanitoki moyoni. Niliiweka bledi mbele yake, nikamwomba kwa upole tuhesabu meno pamoja. Nilikuwa nimefika jino la 11 aliponinyang'anya, akasema "bledi ni bledi", akaitupa juu ya kaunta ya chuma. Ncha moja ya kabaidi, kile kipande kigumu cha kukatia kilicho kwenye jino, ikaruka. Hapo ndipo alipotamka hayo ya sukuma wiki, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. Nyuma yangu alisimama mwanakandarasi ambaye hunipa kazi. Aliinamisha macho. Kisha kijana akaokota bledi, akaniambia hampokei bidhaa iliyovunjika jino! Jino alilolivunja yeye! Akanishauri nimalizie kwa grainda na diski ya kukatia chuma. Diski ya chuma inaunguza bodi, na mtu anayeuza vifaa hivi anapaswa kujua.

Nadai Sh3,200 za bledi na Sh13,500 za bodi tatu, jumla Sh16,700. Nilipoanza kuandika nilitaka hizo tu. Sasa nataka pia kijana huyo aniombe radhi kwenye kaunta ile ile, mchana, wateja wakiwepo, nawe meneja ukiwa umesimama kando yake. Na pakiti zote za aina hiyo mzifungue na kuhesabu meno kabla ya kumuuzia fundi mwingine.

Nawapa siku 7. Kifungu cha 46 cha Katiba kinanipa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na maelezo ninayohitaji ili nifaidike nazo kikamilifu, na ipo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Mkinyamaza, nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiza madai hadi Sh1,000,000, na huko nitadai pamoja na siku za kazi nilizopoteza. Pakiti yenyewe nitaipeleka kwa shirika la viwango, KEBS.

Bledi sijaigusa tena. Nimeifunga kwenye gazeti pamoja na ile ncha niliyoiokota sakafuni kwenu, na kopi ya risiti nimeiambatisha hapa.

Wenu,
Fundi seremala, Kibuye, Kisumu