Giaboksi isihukumiwe kabla ya kupimwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu magari madogo ya otomatiki ambayo giaboksi zake zimeanza kushtua. Safu yenu ya magari iliwashauri wasomaji kwamba giaboksi ikishaanza kupiga wakati wa kubadili gia, njia ya busara ni kuishusha na kuweka nyingine, au kutumia nafasi hiyo kuweka iliyo bora zaidi. Kwa heshima zote naukataa ushauri huo, na ninaukataa kama mtu aliyeufuata hatua kwa hatua akaja kujua baadaye kwamba alikuwa ameitibu sehemu isiyougua.

Gari langu ni dogo, la milango mitano, lenye giaboksi ya otomatiki ya kawaida ya gia nne. Lilianza kushtua asubuhi ninapotoa gia kutoka P (kuegesha) kwenda R (kurudi nyuma), kisha likawa linapiga kila linapotoka gia ya pili kwenda ya tatu, kishindo ambacho hata abiria wa nyuma alikisikia mgongoni. Gereji niliyolipeleka haikuchukua hata nusu saa: fundi aliliendesha mwendo mfupi, akazima injini, akaniambia giaboksi imekwisha. Sikumuuliza amejuaje. Giaboksi ya mtumba ikatafutwa, ya zamani ikashushwa, na siku nne baadaye nikakabidhiwa gari ambalo lilishtua vilevile kabla sijafika getini. Niliporudi kulalamika niliambiwa nivumilie, kwamba giaboksi ngeni huchukua muda kuzoea.

Nilivumilia wiki tatu, kisha nikaenda kwa fundi mwingine, mzee mtulivu, ambaye hakugusa spana kwanza. Alifungua boneti, akanitaka niketi kwenye usukani, nikanyage breki kwa nguvu, kisha nipeleke mkono wa gia kutoka R hadi D (kwenda mbele) na kuurudisha, mara tatu, huku yeye ameinama na tochi upande wa pili. Kila nilipobadili, injini nzima ilinyanyuka kisha ikajibwaga. Akaniita nishuke nitazame. Mpira wa mauntini ya nyuma, yaani kishikizo kinachoifunga injini na giaboksi kwenye bodi ya gari, ulikuwa umechanika kutoka ukingo hadi ukingo, na chuma kilikuwa kinagonga chuma. Mauntini ile ile ilikuwa imefunguliwa na kufungwa tena siku giaboksi ilipobadilishwa, maana yake fundi wa kwanza aliushika mpira ule mbovu kwa mikono yake na kuurudisha mahali pake. Ulibadilishwa kwa muda usiozidi saa moja na mshtuko ukakoma siku hiyo hiyo. Giaboksi yangu ya asili, ambayo huenda haikuwa na kasoro yoyote, ilikuwa imekwisha kufunguliwa na kuuzwa vipande vipande.

Sisemi kwamba kila mshtuko ni mauntini. Ninachosema ni kwamba mshtuko ni dalili, kama homa ilivyo dalili, na dalili moja inaweza kuletwa na mambo mengi, mengine yakiwa nje kabisa ya giaboksi. Gia ndani ya giaboksi ya otomatiki ya kawaida hubadilika kwa kuachia klachi moja (sahani zinazobanana ili kupitisha nguvu ya injini) na kushika nyingine kwa shinikizo la oili, na kazi hiyo yote hukamilika katika sehemu ndogo ya sekunde. Kompyuta ndiyo inayoamua ni lini na kwa nguvu kiasi gani, baada ya kusoma sensa za mwendo, joto la oili na kiasi ambacho dereva amekanyaga mafuta. Kwa hiyo injini inayokosa moto katika silinda moja, mlango wa hewa uliojaa masizi, betri dhaifu au waya wa athi (unaounganisha betri na bodi ya gari) ulioshika kutu vyote vinaweza kuipotosha kompyuta hiyo, ikabana klachi kwa nguvu isiyofaa. Dereva atahisi kishindo, naye fundi mwenye haraka atanyooshea kidole giaboksi.

Kisha kuna oili, na hapa ningependa kukaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona uzembe mwingi zaidi. Wenye magari wengi wameambiwa kwamba oili ya giaboksi imewekwa kiwandani kwa maisha yote ya gari na haihitaji kubadilishwa. Lakini ZF ya Ujerumani, kampuni inayotengeneza giaboksi za otomatiki kwa ajili ya makampuni mengi ya magari, yenyewe inashauri oili ya giaboksi zake ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au baada ya miaka 8. Ikiwa mtengenezaji mwenyewe anasema hivyo, mimi na fundi wangu hatuna sababu ya kushikilia neno la maisha yote. Oili hii hailainishi tu; ndiyo inayobeba shinikizo la kushika klachi, ndiyo inayopoza, na ndiyo iliyochanganywa viungo vya kuzifanya klachi zishike taratibu bila kunata. Viungo hivyo vikichoka, gia huanza kuingia kwa kutetemeka au kwa kishindo hata kama vyuma vyote ni vizima.

Tena, oili ya giaboksi moja si oili ya giaboksi nyingine. Giaboksi ya CVT, ambayo haina gia za hatua bali mkanda wa chuma unaobana kati ya puli mbili, inahitaji oili yake maalumu, na ukiimiminia oili ya otomatiki ya kawaida mkanda utateleza na kuzikwangua puli. Kupima kiwango cha oili nako ni kazi ya uangalifu. Magari mengi madogo ya siku hizi hayana kijiti cha kupimia. Kiwango hutazamwa kwa kufungua nati ya chini injini ikiwa inanguruma na oili ikiwa katika joto lililotajwa na mtengenezaji, hadi ianze kudondoka tone baada ya tone. Ikipungua, pampu huvuta hewa na shinikizo likalegea. Ikizidi, vyuma vinavyozunguka huipiga ikawa povu, na povu halibebi shinikizo. Nimeona mafundi wakijaza kwa kukisia, kisha wakalilaumu gari.

Kwa wale ambao oili yao haijaguswa kwa miaka mingi, naomba waikwepe mashine inayosukuma oili kwa nguvu kutoa uchafu wote kwa mkupuo, kwa kuwa uchafu uliokuwa umetulia unaweza kusombwa hadi kwenye vijia vyembamba vya valvu bodi, sehemu inayoielekeza oili kwenye klachi. Kumwaga na kujaza ni salama zaidi, ijapokuwa kwa mara moja hutoka karibu theluthi hadi nusu tu ya oili, kwa vile nyingine hubaki ndani ya toki konveta (chombo chenye oili kinachounganisha injini na giaboksi), na hivyo zoezi hurudiwa baada ya mwendo fulani. Karteri, yaani sinia ya oili iliyo chini ya giaboksi, ikishushwa, mwenye gari aombe kuona sumaku iliyo ndani yake. Tope laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyong'aa, vinavyochoma kidole, ni habari nyingine.

Naam, ziko giaboksi zilizokwisha kweli. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua, vipande vya chuma kwenye karteri, gia inayoteleza injini ikipanda mizunguko bila gari kuongeza mwendo, au gia moja kutoweka kabisa: hapo sibishani na anayesema itolewe. Hata hivyo kuitoa si mwisho wa kazi. Vumbi la klachi na chembe za chuma zilizoiua ya kwanza hubaki kwenye kipozea oili na mabomba yake, na zisiposafishwa zitaingia katika ya pili siku ya kwanza. Katika magari mengi madogo kipozea hicho kimo ndani ya rejeta. Kikipasuka, maji na oili huchanganyika vikawa kama maziwa yenye rangi ya waridi, na maji huachanisha gundi inayoshikilia bitana za klachi. Kuweka giaboksi nyingine huku rejeta ni ile ile ni kununua msiba wa pili. Toki konveta nayo lazima iingie hadi mwisho kwenye pampu kabla ya boliti kukazwa, ibaki nafasi ndogo kati yake na bamba la injini, la sivyo pampu itavunjika injini itakapowashwa. Isitoshe, kompyuta huwa imejifunza tabia za klachi chakavu za zamani, na isipofutiwa kumbukumbu hizo na kufundishwa upya, hata giaboksi nzima itashtua. Ule wito wa kuvumilia mpaka izoee mara nyingi huficha hatua hii iliyorukwa.

Kuna pia aina ambayo kubadilisha kifaa kwa kingine cha aina ile ile hakuondoi ugonjwa, kwa sababu kasoro imo katika muundo. Mfano unaojulikana ni giaboksi ya PowerShift yenye klachi mbili kavu, ambayo Ford iliiweka katika Fiesta na Focus. Klachi moja hushughulikia gia witiri na nyingine gia shufwa, bila oili ya kuzipoza, na tatizo lililolalamikiwa sana lilikuwa gari kutetemeka linapoondoka na mwendo wa pole, hasa pale sili za shafti (mipira ya kuzuia oili isivuje) zilipovujisha oili juu ya klachi zilizotakiwa kuwa kavu. Mwaka 2018 mahakama ya shirikisho ya Australia iliitoza Ford ya nchi hiyo faini ya dola milioni 10 za Australia kwa jinsi ilivyowatendea wateja waliolalamikia giaboksi hizo. Mwenye gari la namna hii anayewekewa nyingine ya mtumba, yenye sili na klachi za toleo lile lile la mwanzo, amehamishia ugonjwa wake kutoka chombo kimoja hadi kingine. Yeye ndiye hasa anayestahili kuzungumziwa uboreshaji, yaani sili zilizorekebishwa, klachi za toleo la baadaye na programu mpya ya kompyuta ya giaboksi.

Neno uboreshaji limetumika katika safu yenu kwa maana nyingine, ya kung'oa otomatiki na kuweka giaboksi ya mkono, au kuweka ya gia sita mahali pa gia nne. Msomaji ana haki ya kujua anachoambiwa afanye. Kuweka giaboksi ya mkono kunadai pedali ya klachi na silinda zake, gurudumu zito la injini, mauntini tofauti, mara nyingi shafti za magurudumu za urefu mwingine, mkono wa gia na nyaya zake, kisha programu ya injini isiyotafuta tena kompyuta ya giaboksi iliyoondolewa. Bila hiyo taa za hitilafu hazitazimika, na huenda hata stata isikubali. Giaboksi ya gia sita kutoka gari la ukoo mmoja inaweza kuonekana sawa kwa nje, lakini matundu ya boliti, urefu wake na lugha ambayo kompyuta yake inazungumza na injini vikatofautiana. Mimi ningeikubali kazi hii katika hali moja tu: pale ambapo kiwanda chenyewe kiliwahi kutengeneza gari lile lile kwa giaboksi inayotakiwa, na kuna gari zima la kuchukulia vipuri vyote, hadi skrubu. Nje ya hapo, valvu bodi iliyokarabatiwa, solinoidi mpya (valvu zinazoendeshwa kwa umeme na kompyuta) na kipozea cha ziada cha oili vitaleta ulaini mkubwa kuliko giaboksi ya kigeni iliyolazimishwa.

Ndugu Mhariri, ombi langu kwa mafundi ni dogo. Kabla hujamwambia mteja giaboksi yake imekufa, mwandikie kwenye karatasi ulichopima: misimbo ya hitilafu uliyoikuta, hali na kiwango cha oili na joto lake ulipoipima, shinikizo lilisoma ngapi, mauntini zikoje, betri ina volti ngapi injini ikizimwa na ikiwashwa. Karatasi hiyo mteja aondoke nayo, na kama anataka aipeleke kwa fundi mwingine. Anayejua kazi yake hatapoteza chochote kwa kuiandika.

Na kwako wewe, naomba safu ya magari irudi kwenye jambo hili, safari hii ikianza na vipimo, kabla wasomaji waliousoma ushauri ule hawajaagiza giaboksi za kubadilisha. Mimi niliagiza. Ile mauntini iliyochanika bado ninayo nyumbani, na niko tayari kuileta ofisini kwenu ipigwe picha.

Wako mtiifu,
Msomaji wa safu ya magari