Nikiumia, itakuwaje? Barua kwa vijana wa raga wa Kakamega, Kisumu na Nakuru

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mnaofanya mazoezi jioni baada ya masomo au kazi, pale Showground ya Kakamega, Mamboleo na Nakuru Athletic Club. Wavulana kwa wasichana. Nimefundisha michezo shuleni miaka mingi, na tangu nistaafu bado nakaa kando ya uwanja, kwa hiyo nasikia mnayozungumza mkifungua viatu. Siku hizi ni habari za mikataba. Huyu ameandikiwa na wakala wa Ulaya, yule anatakiwa na klabu ya ligi kuu. Swali la kwanza mnaloulizana ni wanalipa ngapi. La pili, safari ni lini. La tatu silisikii, na hilo ndilo linalonifanya niwaandikie: nikiumia, itakuwaje?

Siwavunji moyo. Nakuru walibeba Kenya Cup, kombe la ligi kuu ya raga nchini, mwaka 2013 na 2014, klabu ya Kabras wakalileta Kakamega mwaka 2016 na tena 2022, 2023 na 2024. Mtoto wa Malava leo hahitaji kuhamia Nairobi ndipo aonekane, na nafurahi kwa hilo kuliko ninavyoweza kusema. Lakini raga ni kazi ya kugongana. Atakayeicheza misimu kadhaa ataumia bega, goti, kifundo cha mguu au kichwa, na atakaa nje wiki au miezi. Mkataba unaoeleza siku za uzima peke yake umeeleza nusu ya kazi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mkataba wa kazi wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya mwaka huohuo, inamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima. Ni sheria nzuri, ila zinamlinda mwajiriwa. Klabu zetu nyingi haziajiri mtu. Zinatoa posho ya mazoezi, nauli, chakula, pengine kodi ya chumba, na mchezaji anajiona ameshapata kazi. Kwa hiyo uliza wazi, na uombe jibu kwenye karatasi: mimi ni mwajiriwa au siye? Kama kampuni inayofadhili timu inakupa pia kazi kiwandani au ofisini, barua ile ya kazi ina thamani kuliko jezi. Isome mara mbili. Kama huajiriwi, uliza bima ni ya nani, inalipa hadi kiasi gani, hospitali ipi, na posho itaendelea miezi mingapi ukiwa kwenye magongo.

Chukueni goti. Kano ya katikati ya goti ikikatika, upasuaji na kujifunza kukimbia upya huchukua kama miezi tisa. Mkataba wa msimu mmoja unakwisha kabla hujarudi uwanjani. Nanyi mabinti, wataalamu wameonyesha kwamba kano hiyo hukatika zaidi kwa wanawake kuliko kwa wanaume, na bado mikataba yenu ndiyo myepesi zaidi. Lionesses, timu ya taifa ya wanawake ya raga ya wachezaji saba, wamecheza Olimpiki ya Rio na ya Tokyo. Msikubali kuambiwa kwamba bima ni jambo la wanaume.

Namjua kijana mmoja, simtaji, aliyekatika kano mwanzoni mwa msimu. Klabu yake, nayo siitaji, ilimpeleka hospitali siku ile na kulipia picha ya goti. Baada ya hapo simu zikawa hazipokelewi. Mkataba wake ulikuwa ukurasa mmoja, na neno bima halikuwamo. Upasuaji ulilipwa kwa harambee ya kanisa na ng'ombe wa mama yake. Anatembea vizuri sasa. Raga hachezi tena.

Kichwa kinanitia hofu kuliko goti, maana goti lililoumia linaonekana. Steve Thompson alikuwa huka, mchezaji wa mstari wa mbele, wa Uingereza walipotwaa Kombe la Dunia mwaka 2003. Mwezi Desemba 2020 alijitokeza akasema ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, akiwa na miaka 42, na kwamba hakumbuki kulishinda kombe lile. Huyo alicheza kwenye ligi zenye madaktari na pesa. Katika mechi za juu za kulipwa, mchezaji anayeshukiwa kutikisika ubongo hutolewa kwa dakika 12 apimwe na daktari. Hapa kwetu mara nyingi daktari hayupo, yupo mtu wa huduma ya kwanza na chupa ya maji. Ndiyo maana kanuni ya World Rugby, shirikisho la raga duniani, kwa mechi zetu ni kali zaidi: anayeshukiwa anatoka na harudi siku hiyo, na mechi nyingine asicheze kabla ya siku 21 kupita.

Hili nalisema kwa uzito wote nilio nao. Msimdanganye kocha kwamba mko sawa. Mkimwona mwenzenu ameamka baada ya kukabiliwa akaenda kusimama upande wa wapinzani, mwambieni refa, hata kama ni nahodha, hata kama ni fainali ya mashindano ya Dala Sevens na jukwaa lote linaimba jina lake. Nimewasikia wengine wakisifu mchezaji kwamba aligongwa akaendelea. Acheni sifa hiyo. Na mkataba wowote unaomlipa mchezaji kwa mechi alizocheza tu, bila kumlipa akiwa nje kwa sababu ya kichwa, unamfundisha kusema uongo juu ya ubongo wake mwenyewe. Kataeni kipengele hicho kabla ya kingine chochote.

Sasa Ulaya. Raga ya wachezaji 15 iliruhusiwa kuwa ya kulipwa mwaka 1995 tu, na hata kwa matajiri bado haijatulia. Worcester na Wasps, klabu za ligi kuu ya Uingereza, zilifilisika mwaka 2022, London Irish ikafuata 2023. Wasps walikuwa wamewahi kuwa mabingwa wa Ulaya mara mbili, na wachezaji wao walipoteza kazi msimu ukiendelea. Kama hayo yanawapata wenye kwao kule, wewe uliyetoka Mumias utalala wapi? Mwenye bodaboda makini haipeleki barabarani kabla hajajua bima yake inaisha lini, na wewe unabeba zaidi ya pikipiki. Tikiti ya kurudi nyumbani iandikwe kwenye mkataba. Viza iwe ya kazi. Ya utalii haikuruhusu kulipwa, na ukiumia huna wa kumdai. Pasipoti ikae kwako. Uliza pia ukifika ukaanguka vipimo vya daktari wa klabu, nauli ya kurudi ni ya nani, kwa sababu mikataba mingi huanza kufanya kazi baada ya vipimo hivyo. Wakala anayekudai pesa kabla hujasaini, mwache aende.

Kuhusu masomo mmeshasikia ya kutosha kutoka kwa wazazi, sitarudia. Nitasema tu kwamba Humphrey Kayange, aliyekuwa nahodha wa Shujaa, timu ya taifa ya wanaume ya raga ya wachezaji saba, alisoma kemia chuo kikuu huku akicheza, na leo ni mwanachama wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Dennis Ombachi, naye aliyeichezea Shujaa, watu wengi sasa wanamjua kwa mapishi yake. Mchezaji anayeweza kufanya kazi nyingine anaweza kumwambia meneja hapana. Asiye na pa kwenda atasaini chochote, na atacheza akiwa na jeraha.

Wazazi mnaosoma hii, aliye chini ya miaka 18 asiende kuonana na wakala peke yake. Nendeni naye hata kama hamjui skramu ni nini. Mnajua kuuliza maswali ya pesa na ya hospitali, na hayo yanatosha.

Aliye na mkataba mkononi sasa hivi aulete. Jumamosi huwa niko uwanjani Kakamega kuanzia mechi ya kwanza, na yuko wakili, alikuwa mwanafunzi wangu, amekubali kusoma karatasi zenu bila malipo. Msisaini Ijumaa kwa sababu mtu amesema ofa inakwisha usiku. Mwambieni mtampa jibu Jumatatu.

Wenu,
Mwalimu mstaafu wa michezo, Kakamega