Mheshimiwa Waziri wa Afya, kizunguzungu changu kimenila laki 4 na elfu 20

Mheshimiwa Waziri shikamoo,

Mi ni fundi cherehani hapa Singida, sio mtu wa siasa. Mwaka jana asubuhi moja nimegeukia kushoto kitandani nizime alamu ya simu, chumba chote kikaanza kuzunguka, nikashika godoro kwa mikono miwili nikidhani nakufa, kama nusu dakika hivi kikatulia. Nikiinama kutunga uzi, kinarudi.

Zahanati ya kwanza presha iko sawa, wakapima malaria hakuna, wakasema basi ni taifodi na UTI (ukienda hospitali hapa bongo na ugonjwa usioeleweka lazima utoke na taifodi na UTI), nikatoa 45,000. Wiki mbili hakuna nafuu. Nikaambiwa niende hospitali kubwa mkoa wa jirani, sasa mtu anayeyumba hasafiri peke yake, kwahiyo nauli ni mimi na mdogo wangu, kwenda na kurudi 60,000. Kumuona bingwa 20,000, CT scan (picha ya ndani ya kichwa) 250,000, dawa 35,000. Majibu: kichwa hakina shida. Nikafurahi ndio, lakini kizunguzungu nikarudi nacho nyumbani, na wiki sita cherehani imefunikwa kitenge.

Aliyenitibu ni dada mmoja wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mikono na mazoezi). Alinikalisha kitandani, akanigeuza kichwa, akanilaza haraka kichwa kikining'inia ukingoni, akasema usifumbe macho. Macho yakaanza kuruka yenyewe. Akasema ni sikio hilo, kuna vipunje vya chokaa vimetoka mahali pake vikaingia kwenye mifereji ya sikio la ndani. Akanigeuza upande wa pili, nikalala kiubavu, nikaketi. Hata dakika kumi hazikuisha. Nimelipa 10,000.

Nikaenda kusoma. Hicho kipimo kinaitwa Dix-Hallpike, kimeandikwa mwaka 1952, Tanganyika hatujapata hata uhuru! Na hayo mageuzo ni ya daktari Epley wa kule Portland Marekani, wenzake walimbeza miaka mingi mpaka yakachapishwa kwenye jarida 1992. Haitaki mashine wala umeme, inataka kitanda na mtu aliyefundishwa.

Sasa Mheshimiwa, Bunge limepitisha sheria ya bima ya afya kwa wote 2023, sawa, ila hata bima itachoka kama kila kizunguzungu kinalipiwa CT. Sisemi CT ifutwe, mtu mdomo umepinda, ulimi mzito au mguu umelegea huyo akimbizwe mara moja. Nachoomba ni matabibu wa zahanati na vituo vya afya wafundishwe hicho kipimo na hayo mageuzo, kwa mikono, sio kwa slaidi za semina. Na kwenye bima hiyo kazi ya mikono iwe na malipo yake, maana nahisi hospitali haisukumi kitu kisicho na risiti nono.

Nakuandikia leo sababu mama jirani yangu kimempata, akigeuka tu kitandani anapiga kelele. Nimemwambia twende kwa yule dada, kumbe kahamishwa mkoa mwingine. Ameshaandikiwa CT tayari, na jana jioni kaniuliza kama namjua mtu anayenunua mbuzi.