Barua ya wazi kwa waziri wa kaunti anayeshika nishati: na sisi wa Mtongwe tusomewe mwaka

Mheshimiwa, salaam aleikum, habari za kazi na za nyumbani. Mimi ni mama wa hapa Mtongwe, Mombasa, nauza barafu na samaki wa freeza, na ni mweka hazina wa chama chetu cha kina mama huu mwaka wa sita, kwa hivo pesa ya watu naijua inavochoma mkononi. Mimi na wewe hatujuani ila nlikuona siku moja mkutanoni umekaa kiti cha mbele wajipepea na karatasi ya ajenda manake stima zilikua zimepotea na feni zimekufa zote. Sikusemi kwa hilo, joto letu sote.

Kilichonifanya nikuandikie ni mtoto wa kakangu. Yuko Marekani, jimbo la Minnesota, na si mjini, yuko mashambani kabisa huko kwenye mahindi na ng'ombe. Juzi kanitumia voisi ya WhatsApp ya dakika kumi na mbili, nikajua tu hapa kuna shida ya pesa, kumbe wapi. "Shangazi sikiza maajabu haya, watu wa umeme wameniandikia kuniambia mwaka ulivokwenda." Nkamuuliza kwani wewe ni nani wao? Akasema mimi ni mwanachama, umeme wa huku si wa kampuni ni wa ushirika, ukifungiwa meta kwa jina lako ushakua mwanachama, na kura yako ni moja sawasawa na ya yule mwenye ng'ombe mia tano.

Basi akanisomea ukurasa kwa ukurasa huku akitafsiri na mimi nafunga vipaketi vya barafu. Pesa iloingia na iliotoka. Umeme wameununua wapi. Nguzo mbovu ngapi zimetolewa, miti imekatwa njia gani, waya upi utafuata mwaka ujao. Na alafu, mheshimiwa, wameandika mwanachama wa kawaida kakaa gizani dakika ngapi mwaka mzima. Dakika! Sisi huku twahesabu kwa swala, zilipotea magharibi zikarudi alfajiri. Na si dakika peke yake, wamesema na sababu, hizi za upepo, hizi za miti, hizi za barafu iliogandia kwenye waya mpaka ukakatika (barafu huko kwao adui, kwangu mimi ndio mtaji), na hizi zimeletwa na kindi. Kindi yule mnyama mdogo wa mkia, apanda kwenye transfoma agusa pasipofaa, yeye afa na mtaa mzima wazimika. Wameandika kwenye ripoti wala hawakuona haya. Mimi nlicheka alafu nkanyamaza, sababu nlikumbuka kunguru wetu. Wewe mwenyewe ni mtu wa Mombasa, wawajua hawa kunguru, kiota chao si vijiti peke yake, huokota na vipande vya waya na chuma wakenda kujengea juu ya nguzo, alafu ikinyesha utasikia tu pwaa. Kuna mtu yeyote ashawahi kukaa akatwambia mwaka huu kunguru wametuzimia mara ngapi?

Wacha nkueleze hao wa Marekani walivoanza, manake na mimi nlidhani ni watu wa pesa tu ndio maana. La. Miaka ya 1930 huko mashambani kwao kulikua giza, kwenye mashamba kumi labda moja ndio lilikua na stima, na mijini watu tisa katika kumi washawasha zamani. Makampuni yalikua yakiulizwa yasema kuvuta waya mpaka kwa mkulima hakulipi. Mwaka 1935 Rais Roosevelt akaunda idara ya umeme wa vijijini, 1936 ikapitishwa sheria ya kuwakopesha, na waliokimbilia mikopo ile zaidi ni wakulima wenyewe waliojikusanya, mara nyingi kwa kiingilio cha dola 5 mtu. Mwenye ng'ombe, mwenye kuku, mjane, kila mtu dola zake tano. Leo ushirika kama huo uko karibu 900 na wahudumia watu kama milioni 42. Pesa ikibaki mwisho wa mwaka haichukuliwi na tajiri, yaandikwa kwa jina la kila mwanachama kulingana na umeme alotumia, na baadae anarudishiwa. Hiyo baadae ni ya kusubiri kweli, yaweza kwenda ata miaka 20, lakini jina lako liko kitabuni.

Sikwambii huko ni peponi. Nlimuuliza mpwa wangu, na wewe uliwahi kwenda mkutano wao wa mwaka? Akacheka. Hajaenda. Asema wengi hawaendi, kuna ushirika mwingine mpaka uwapikie watu chakula na uwawekee zawadi za bahati nasibu ndio viti vijae, na viongozi wengine wakikaa wakaa mpaka wanazeeka humo kwenye kiti. Haya nayajua, ni ya sacco zetu tupu. Nani hapa hajaenda AGM, mkutano mkuu wa mwaka, kwa ajili ya soda na nauli? Lakini ata kama umefuata soda, yule mwenyekiti atasimama mbele yako asome. Atataka asitake. Sheria ya ushirika yetu wenyewe hapa Kenya yasema mkutano mkuu ufanywe ndani ya miezi minne mwaka wa hesabu ukiisha, na mtu mmoja kura moja. Mwaka jana kwenye chama mimi mwenyewe nlisimamishwa saa nzima kwa sababu ya shilingi 1,400, mama mmoja wala hajui kusoma alikua ameziweka kichwani tarehe kwa tarehe, akanibana mpaka nkaipata risiti kwenye mkoba wa harusi. Nlilia usiku ule kwa hasira. Lakini mwaka huu risiti zangu zakaa kwenye faili.

Sasa nije kwangu. Mwezi wa tatu, kaskazi yamalizikia, samaki bado wako, nlikua nimejaza freeza kilo 18, changu na tafi na vipande vya nguru vya mteja wa harusi ambaye alishanipa nusu ya pesa. Alhamisi magharibi stima zikapotea. Nkapiga simu kwa kampuni (silitaji jina, mwenye kujua ajua) nkapewa nambari ya ripoti ndefu kama ya hukumu, nkaambiwa fundi yuko njiani. Ijumaa asubuhi fundi yuko njiani. Ijumaa jioni fundi bado yuko njiani, na mimi nazibandika blanketi juu ya freeza kama mgonjwa wa malaria. Jumamosi saa tatu zikarudi, kwanza zikaja kwa nguvu taa zikawa nyeupe kama za uwanja wa mpira, alafu zikatulia. Samaki nliwatupa. Pesa ya mteja nlirudisha kwa kukopa chama, na deni hilo nimelimaliza wiki jana.

Pesa ishaenda, basi. Kinachonikaa hapa kooni ni kwamba mpaka leo sijui samaki wangu waliuliwa na nini. Mmoja aliniambia transfoma ilizidiwa manake watu wamejenga sana huku nyuma. Mwengine akasema waya umeliwa na chumvi ya bahari. Kijana wa boda akasema ni kunguru. Jirani yangu akasema ni mtu kaiba mafuta ya transfoma. Hao wanne wote waweza kua wakweli, na kila jibu lina dawa yake: kama ni chumvi badilisheni waya, kama ni mwizi tulinde wenyewe, kama twazidisha mzigo tuambiwe tuzime pasi saa moja jioni, wallahi tungezima. Lakini mtu hawezi kusaidia giza asilojua limetoka wapi.

Nliwahi kumwambia haya kijana mmoja msomi akanijibu mama kampuni kama hizo hufanya mkutano wa mwaka, ripoti ziko wazi. Ndio, za wenye hisa. Mimi sina hisa, nina meta.

Na usiniambie mimi ni mteja tu. Chukua meseji ya tokeni uisome vizuri, chini ya ile bei ya umeme kuna mlolongo, mafuta, ubadilishaji wa pesa za kigeni, VAT, na humo kuna tozo ya asilimia 5 ya bei ya umeme ya kupeleka stima vijijini. Mradi huo wa vijijini serikali iliuanza mwaka 1973. Kwa hivo kila nikinunua tokeni ya mia mbili mimi na yule mama wa Changamwe na yule muuza chipsi wa Kongowea twachangia nguzo za watu wa mashambani, na sina uchungu nayo, nina ndugu Kwale kwa ndani huko ambao mpaka juzi walikua wakichaji simu dukani kwa shilingi ishirini. Mpwa wangu atoa pesa asomewa. Mimi natoa pesa napewa nambari ishirini za kubonyeza.

Najua jawabu lako la kwanza, kwamba umeme ni mambo ya Nairobi. Mheshimiwa, Katiba tunayo na twaisoma. Jedwali la Nne, kazi za kaunti, imeandikwa pale usambazaji wa umeme na gesi na usimamizi wa nishati. Sheria ya Nishati ya 2019 imesema kila kaunti itengeneze mpango wake wa nishati. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora na haki ya kupewa habari. Sasa kama mpango wetu wa Mombasa uko, uko kabati gani? Na kama haujaisha, basi mtauandika bila kujua Mtongwe tumezimiwa mara ngapi?

Alafu yanauma zaidi kwa sababu stima Kenya hii ilianzia hapa. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa hapa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, alichukua jenereta iliokua ya Sultani wa Zanzibar akaileta kwa kampuni ya umeme ya Mombasa, na ilipofika 1922 ndio ya Mombasa na ya Nairobi zikaunganishwa. Sisi ndio wa kwanza kuwaka. Zaidi ya miaka mia tushawasha na hakuna alokuja kukaa na sisi kwenye jamvi akasema jamani mwaka ulikua hivi.

Sikuombi tuvunje kampuni tuunde ushirika kesho. Mtongwe si Minnesota, na ushirika wa umeme wataka mtaji na mafundi na watu wasioibiana. Jirani zetu Tanzania walijaribu, pale Urambo, Tabora, miaka ya tisini wenyeji waliunda ushirika wao wakawasha kwa jenereta ya dizeli, jioni masaa machache basi, na kwa giza walilokua nalo masaa yale yalikua mali. Mimi naomba kipande kimoja tu cha ushirika, kile cha kusomewa.

Mara moja kwa mwaka, kila wadi. Uwaite hao wenye waya kwa barua ya kaunti, wakikataa kuja uweke kiti chao kitupu hapo mbele na kibandiko cha jina tukione. Kisomwe Kiswahili, tafadhali, si ile ya slaidi za Kiingereza na mtu wa kutafsiri nusu. Masaa ya giza ya wadi yetu na sababu zake, nguzo zilizobadilishwa, transfoma zilizoongezwa na kwa nini ile ikawekwa kule na si huku, zile asilimia 5 zimewasha nani. Alafu mtuachie saa nzima ya maswali bila mtu wa itifaki kutunyang'anya maiki. Tarehe sichagui, ila isiwe Ramadhani jioni na isiwe masika yameshachachamaa, manake barabara yetu waijua, na isiwe Ijumaa mchana.

Na msije na ripoti ya kujisifu. Iwe na kindi ndani, mnielewe. Ikija yasema kila kitu kimekwenda sawa asilimia 99 na picha za watu wamevaa helmeti wanacheka, yule mama wa shilingi 1,400 namleta na namkalisha safu ya mbele.

Ukumbi tunao, ule wa karibu na shule, viti vya plastiki chama chetu kina 120 tutatoa bure, maji ya baridi na barafu za ukwaju ni juu yangu ikiwa stima zitakuepo tangu jana yake. Jibu waweza kunipitishia kwa MCA, mwakilishi wetu wa wadi, au kwa chifu, wote nyumbani kwangu wapajua. Wacha nikomee hapo, meta yaonyesha yuniti 3 na freeza lishaanza kunguruma, nkimbie dukani kabla hajafunga.

Ni mimi,
Mama wa barafu, mweka hazina, Mtongwe